Mwendwa Analalia Tumbo

Jumamosi, 29 Desemba 2007

Tangu asubuhi napiga msasa kichwa cha kitanda, futi tano kwa sita. Mwenyewe hajakuja kukichukua. Hakuna anayekuja kuchukua kitu. Watu wameatamia redio kama kuku. Kura bado zinahesabiwa. Nafikiri wanahesabu na vidole, na kila wakifika kumi mtu anakohoa wanaanza tena.

Jana nimempeleka mke wangu Ndunge na mtoto wetu Kawangware kwa dada yake, Kalekye. Siku mbili tu, nikamwambia. Akaniuliza, na wewe? Mimi nabaki na nyumba. Siku hizi hapa mtaani Gatwekera ukiacha kufuli mlangoni, ukirudi utapata mtu ameanika nguo zake kwa kamba yako na anakuuliza wewe ni nani. Na vyombo vyangu vya kazi viko ndani.

Siogopi. Mimi nimebeba magunia bandarini Mombasa miaka minne. Nimefika Dar. Nimepanda lori la saruji mpaka Lubumbashi na nikarudi na viatu vyangu vyote viwili. Uchaguzi ni nini.

Naandika kwa kitabu cha oda kwa sababu hakuna oda. Na hakuna mtu wa kuongelesha. Mimi nikinyamaza nusu saa majirani wanakuja kuangalia kama nimekufa.

Kitanda chetu ni kikubwa sana bila hao wawili. Nimejaribu kulala katikati. Si raha.


Jumapili, 30 Desemba

Wametangaza mshindi. Jioni. Kabla mtu wa redio amalize sentensi, mabati yakaanza kulia. Mawe. Halafu nduru. Halafu moshi mkubwa upande wa Soko la Toi.

Nimesukuma meza nyuma ya mlango. Nilitengeneza mwenyewe, haitatoka.

Nafurahi hawako hapa. Sijawahi kufurahi vibaya hivi.


Jumatatu, 31 Desemba

Toi imeisha. Nimeenda kuona. Kibanda changu, vitanda vitatu vilivyokuwa vimesimama vikingoja wenyewe, hata kile cha Jumamosi, mbao zote za saiprasi nilizonunua kwa Krismasi. Majivu. Chini ya majivu nimepata bolti zangu, nyeusi lakini nzima. Nimeziokota zote. Mwanamke mmoja alikuwa anaokota vifungo vya mitumba. Tumeokota pamoja, hatukuongea.

Mtu anachomaje kitanda. Atalala wapi huyo aliyechoma?

Mwaka unaisha leo. Najua kwa kalenda tu.


Jumanne, 1 Januari 2008

Mwendwa amejigeuza!

Ujumbe wa Ndunge umeingia saa tatu asubuhi. "Heri ya mwaka mpya. Mtoto amejigeuza mwenyewe usingizini. Tumeamka tumempata analalia tumbo."

Miezi mitano! Hata haijatimia vizuri! Nimetoka nje kutafuta mtu wa kumwambia. Njia tupu. Nimemwambia mbuzi wa mwenye nyumba. Nikamwambia huyu mtoto ni wa baba yake, huyu atafika Lubumbashi kwa miguu. Mbuzi akaendelea na karatasi yake.

Halafu Mama Atieno, jirani wa mlango wa pili, akatoka kumwaga maji. Nikamwambia yeye. Hakucheka. Akasimama na beseni.

"Baba Mwendwa, hiyo si mchezo. Mtoto wa dada yangu alijigeuza hivyo hivyo. Asubuhi wakadhani amelala."

Nikamuuliza, halafu? Swali la upumbavu. Akasema ngoja nikuletee uji.

Uji nimeshindwa kuumaliza. Shida yangu ni hii, na ni mimi peke yangu naijua. Kitanda wanacholalia kwa Kalekye nilitengeneza mimi. Godoro nilimtafutia mimi, la sponji nyepesi, miaka sita iliyopita. Nililisifu mpaka akaona aibu kukataa. Sasa lina bonde katikati kama sahani ya supu. Watu wanne wanalala juu yake, na mtoto anawekwa katikati ndio asianguke. Katikati ndio bondeni. Akilala chali, sawa. Akijigeuza, uso unaingia kwa sponji.

Nimemwandikia Ndunge: mgeuze. Akajibu: nimemgeuza, amerudia. Nikaandika: mgeuze tena. Hakujibu. Nimeandika mara nne. Kredo ya simu imeisha.


Jumatano, 2 Januari

Hakuna kredo mahali popote. Maduka yamefungwa. Kijana mmoja anauza kadi kwa bei ya mbuzi, na anaiuza akiwa anakimbia.

Mchana nimelala chini ya dirisha nikajaribu. Kulalia tumbo, pua kwa godoro. Nimehesabu. Mtu mzima nimefika arobaini nikainuka nikihema. Mtoto hajui kuinuka. Mtoto hajui hata kwamba anatakiwa kuinuka.


Alhamisi, 3 Januari

Nimejaribu kupita. Juu pale barabarani ni polisi na gesi. Chini ni vijana na mawe. Katikati ni mimi na hadithi zangu za Mombasa. Nimerudi na macho yanatiririka. Mama Atieno amenipa maji ya kunawa, akasema nalia kwa sababu ya gesi. Nimemwacha aseme hivyo.


Ijumaa, 4 Januari

Nimewatengenezea watu vitanda miaka kumi na tano. Nusu ya Gatwekera inalala juu ya mikono yangu. Pasta mmoja, chifu mmoja, mzungu mmoja aliyetaka cha mbwa wake. Mtoto wangu hana kitanda. Nilikuwa nasema bado, bado, ngoja mbao zibaki. Mbao hazibaki. Mbao za fundi zinaenda kwa wateja kama maziwa ya ng'ombe wa kukodi.

Namtengenezea leo. Chake peke yake. Chini bapa, ngumu, hakuna bonde.

Mbao ni shida. Zangu ni majivu. Nimezunguka nyumba nikitazama kila kitu cha mbao. Meza imeshika mlango. Kiti ni kimoja. Nimekaa kwa kitanda nikafikiri. Halafu nikainuka, nikageuka, nikakiangalia hicho nilichokuwa nimekalia.

Kitanda chetu cha arusi. Mvule. Sijawahi kutengeneza kingine kama hicho, na watu wameniomba.

Nimekifungua bolti moja moja. Ndunge ataniua. Aniue akiwa karibu, nitashukuru.


Jumapili, 6 Januari

Hakuna kanisa. Randa na msumeno tu.

Mvule ni mgumu lakini ni mwaminifu. Nimekata pande mbili, kichwa, miguuni. Fito za pembeni nimeziweka karibu karibu, kichwa chake kisipite kati. Nimepima kwa ndizi na ngumi yangu, kwa sababu kichwa chenyewe kiko Kawangware. Miguu inafunguka, kama vitanda vyangu vyote. Huo ndio ufundi wangu. Vichochoro vya huku ni vyembamba, kitanda kizima hakipiti, kwa hiyo mimi nakiuza kifungukacho na nakifunga ndani. Wengine wameiga. Bolti zao zinalia.

Nimekata godoro letu, nikatia vipande vya sponji kwa mfuko wa kitambaa, nikashona mito mitatu minene. Mmoja kila upande na mmoja kichwani. Hapo hata akitaka kujigeuza atagonga ukuta wa sponji. Akili hiyo haifundishwi shuleni. Ndio maana niliwacha Form Two, walikuwa wananichelewesha.

Ndunge ametuma ujumbe mmoja jana. "Tuko sawa. Hapa pia kuna fujo. Analala hivyo hivyo." Hivyo hivyo ni vipi? Neno gani hilo la kumwandikia mtu?


Jumanne, 8 Januari

Kitanda kimekwisha. Kinang'aa. Nimekaa nacho kama mgeni.

Jioni redio imesema mkubwa wetu wa Ukambani amekubali kiti serikalini. Dakika tano haijaisha, Mama Atieno akagonga. "Baba Mwendwa, kesho usitoke. Vijana wanasema nyinyi Wakamba mmeuza." Mimi nimeuza nini? Vitanda tu.

Jina langu halikuwa upande wowote. Sasa liko upande mbaya, huku na kule.

Nikikaa wiki nyingine hawatanipisha kabisa. Naondoka alfajiri. Mama Atieno atakaa na ufunguo.


Jumatano, 9 Januari. Kawangware

Nimefika. Nitaandika yote, kwa sababu kuna neno nimesema leo na siwezi kumwambia mtu.

Nimetoka kumepambazuka, kitanda kichwani. Kizuizi cha kwanza ni cha vijana wetu wenyewe, pale juu ya Gatwekera. Mawe, mabati, tairi linamalizia kuungua.

"Fundi! Unahama?"

"Nipeleke kitanda kwa mtoto, nirudi."

"Leta hiyo tuwashe. Tairi zimeisha."

Nikacheka kwa nguvu kuliko nilivyojisikia. Nikawauliza, na hao watoto wenu mliwapatia wapi kama si kwa vitanda vyangu? Wawili wakacheka. Mmoja mrefu hakucheka. "Wewe ni Mkamba. Mtu wenu jana ametuuza." Nikashika kitanda kwa mikono miwili. Halafu kijana mwingine, Odhis, niliyemuuzia kitanda akioa mwaka juzi, akasema, "Wacheni huyu. Kitanda chake hakilii." Wakaangua kicheko wote, hata yule mrefu. Sijawahi kulipwa vizuri hivyo.

Odhis akanivuta pembeni. Funika hiyo kitu, akasema, mbele huko wakiona mbao safi hivi watakuchomea. Shauri zuri. Nilikuwa na shuka jeupe la mtoto. Nikafungua miguu ya kitanda, nikaitia ndani na mito juu yake, nikafunika na shuka, nikafunga kamba. Kikakaa sawa kichwani. Nikaendelea.

Ngong Road nimepita polisi wakiniangalia tu. Mmoja akavua kofia. Nikashangaa lakini sikusimama. Mtu anayesimama ndiye anayeulizwa.

Kizuizi cha pili ni mlangoni mwa Kawangware. Hawa ni wa upande ule mwingine, wa rais aliyetangazwa. Panga, rungu, macho mekundu. Nikaandaa mzaha wangu nikiwa mbali kabisa. Nikafika. Nikafungua mdomo.

Mzee mmoja kati yao, mwenye koti refu la mvua, akatoa kofia akaishika kifuani. Akaja taratibu.

"Pole sana, ndugu yangu. Ni wako?"

Nikasema, "Ni wangu."

"Alikuwa wa miezi mingapi?"

Ndio nikaelewa. Sanduku dogo la mbao. Bila miguu. Shuka jeupe. Mwanaume peke yake asubuhi, amebeba mwenyewe kwa sababu barabara zimefungwa.

Ningesema. Mimi, mdomo wangu huu unaojua kila bandari. Ningesema ni kitanda, mzee, mtoto yuko hai anakingoja. Nikaangalia panga. Nikasema, "Mitano."

Wakatoa mawe barabarani kwa mikono. Panga wakaziweka chini kwanza. Yule mzee akaomba, kwa sauti, mkono wake juu ya shuka, juu ya kitanda cha Mwendwa. Apumzike kwa amani, akasema. Wote wakasema amina. Na mimi nikasema amina.

Nilitembea mpaka wasinione. Halafu nikakimbia. Kitanda kinanigonga kichwa na mimi nakimbia, kwa sababu maneno huumba. Mama yangu alikuwa hakubali hata tuseme "nitakufa kwa njaa". Na mimi nimesimama mbele ya watu na Mungu, nimemtaja mwanangu kwa umri wake, nimeitikia amina.

Kalekye akafungua mlango. Sikumsalimia. Nikapita. Mtoto alikuwa kitandani, bondeni, analalia tumbo. Hatingishiki. Simwoni uso.

Nilisimama. Ndunge alikuwa kwenye jiko, akaniambia, "Umekuja. Mbona unamwangalia hivyo?" Sikuweza kumgusa. Nisipomgusa, bado yuko hai.

Halafu nikamnyakua. Akalia mpaka mabati yakasikia. Kilio kirefu, cha hasira, cha mtu aliyeamshwa na mgeni. Hanijui. Amenisukuma uso na mikono yote miwili.

Kitu kizuri sana, kusukumwa.


Alhamisi, 10 Januari

Nimefunga kitanda. Kalekye amekisifu. Ndunge amepapasa ubao wa kichwa. "Huu ni wetu," akasema. Nikasema ndio. Hakuniua. Akageuka akafuta macho na leso.

Halafu akatoa mito yangu. Mmoja. Wa pili. Wa tatu. Nikamwuliza anafanya nini. Akasema juzi kabla barabara haijafungwa tena alimpeleka kwa chanjo, muuguzi akawaambia akina mama wote. Mtoto alazwe chali, mahali bapa, pagumu, pake peke yake. Pasiwe na mto, wala nguo nzito, wala kitu laini karibu na uso. Akizibwa na mto hawezi kuusukuma. "Hii mito yako ndiyo ingemmaliza, Baba Mwendwa."

Siku mbili nimeshona hiyo mito. Nimeibeba kilomita zote hizo. Nimekubali, lakini nimekubali polepole.

Na akijigeuza mwenyewe? Muuguzi alisema mlaze chali kila mara. Akishajua kwenda na kurudi, kujigeuza na kujirudisha, mwacheni, atachagua mwenyewe.

Mwacheni. Muuguzi anaongea kama mtu asiye na mtoto.


Ijumaa, 11 Januari

Sijalala siku mbili. Akijigeuza namgeuza. Akirudia namgeuza. Anaamka, analia. Watoto wa Kalekye wanaamka. Mume wa Kalekye anakohoa kile kikohozi cha mwenye nyumba.

Leo Ndunge amenikalisha nje kwenye ndoo. Hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali. "Ulipokuwa hauko alikuwa analala. Ukiwa hapa mtoto halali."

Niliinuka nikamrudishia ndoo.

Ningemwambia juu ya kizuizi. Ningemwambia ndio maana siwezi kumwacha. Lakini ukisema mara ya pili, si unaumba mara ya pili?


Jumamosi, 12 Januari. Gatwekera

Nimerudi. Chumba cha Kalekye ni cha watu saba na mimi ni wa nane. Na nyumba itachukuliwa. Hizo ndizo sababu nilizotoa.

Njia ya kurudi nimezunguka mbali, nisipite kwa yule mzee wa koti.

Mama Atieno alikuwa ameketi mlangoni kwangu na mwiko. Mtu alikuwa amejaribu kuingia jana. Anasema alimpiga mara moja tu. Nampenda sana huyu mama.

Sina kitanda. Nalala sakafuni, kwa mfuko wa sponji iliyobaki. Fundi.


Alhamisi, 17 Januari

Maandamano. Risasi tangu asubuhi. Reli imeng'olewa. Nimelala chini siyo kwa usingizi.

Simu ya Ndunge haipatikani tangu Jumanne.


Ijumaa, 18 Januari

Haipatikani.

Simu ya Kalekye pia. Wanasema stima imepotea kule. Wanasema mengi.

Nimejaribu kuomba. Kila nikifika "amina" nasimama.


Jumamosi, 19 Januari

Mama Atieno ameniuliza mbona siongei. Siku nzima hajasikia sauti yangu kupitia mabati. Nikamwambia yote. Sanduku, shuka, miezi mitano, amina. Ni mtu wa kwanza.

Halafu akasema, "Kama mdomo wako ungekuwa na nguvu hiyo, Baba Mwendwa, wewe ungekuwa tajiri. Umejisifu miaka kumi na tano."

Tukacheka mpaka akashika ukuta. Aliporudi kwake, nyumba ikawa kubwa tena.

Kesho naenda. Na nitapita njia ile ile.


Jumapili, 20 Januari. Kawangware

Walikuwa wapo. Wachache, wamechoka, wanaota jua. Nilikuja mikono mitupu. Mzee wa koti akanijua nikiwa mbali.

"Baba wa yule mtoto. Mlizika salama?"

Nilikuwa nimejiambia njia nzima nitasema. Nikasema, "Mzee, mtoto yuko hai. Kile kilikuwa kitanda. Mlidhani, na mimi nikawaacha mdhani. Niliogopa."

Kijana mmoja akasimama na panga yake. Mzee akanikazia macho, yakajaa maji, ya hasira nadhani.

"Nilikuombea. Nilikuombea na moyo wangu wote. Mimi nimezika wawili."

"Najua uliniombea. Ndio maana sijalala tangu siku hiyo."

Akavaa kofia. "Twende nikamwone huyo mtoto. Nikikuta hakuna mtoto, ndugu yangu, utajuta."

Tukaenda wanne. Mimi mbele, wao na panga nyuma. Watu wakafunga milango tukipita. Nilikuwa nafikiri jambo moja tu. Simu haipatikani tangu Jumanne. Nawapeleka kuona nini?

Kalekye alipofungua akapiga nduru. Nikamwambia tulia, shemeji, ni wageni wangu. Vijana wakabaki mlangoni. Mzee akaacha panga nje, akafuta viatu, akaingia.

Ndunge alikuwa amesimama na sufuria mkononi kama silaha. Nyuma yake kitanda. Ndani ya kitanda Mwendwa, usingizini, analalia tumbo, makalio juu kama kilima.

Mzee akapiga magoti. Akaweka sikio karibu na fito. Chumba kizima kikangoja sikio la mtu huyo. Mimi nilikuwa nimeshika ukuta.

"Anapumua," akasema. Kisha akakunja uso. "Mbona analala hivi? Mgeuzeni!" Na mkono wake ukaingia kitandani.

Nikamshika kiganja. Mimi. Mtu wa mapanga, nimemshika kiganja. "Mwache, mzee. Anajua kurudi."

Sikuwa na hakika. Nilikuwa namtazama Ndunge nikisema hivyo, na Ndunge akaitikia kwa kichwa.

Tukakaa tukimwangalia, watu wazima watatu tumepiga magoti. Muda ukapita. Mwendwa akasukuma mkono mmoja, akapiga teke, akabiringika, pu, chali. Usingizi haukukatika. Mdomo wazi.

Mzee akatoa sauti ndogo. Akamwuliza Ndunge jina la mtoto, akalirudia. Hakuniaga. Mlangoni akaniambia, "Usiwahi kumwitikia mtu amina usiyoitaka." Akachukua panga yake akaenda.

Ndunge akaweka sufuria chini. Akasema simu zilikosa moto, stima hakuna siku tano. Ndipo akauliza, "Amina gani?"

Nikamwambia. Alinipiga begani, ngumi, mara tatu. Halafu akakaa ameegemea hapo hapo alipopiga.


Jumapili, 2 Machi

Wakubwa wametia sahihi mapatano juzi. Watu wanasema imeisha. Tutaona.

Ndunge bado anakaa Kawangware. Hajawa tayari kurudi Gatwekera, na sijamlazimisha. Nyumba haina kitanda, na mimi sijapata mbao. Nakuja Jumapili, nashinda, narudi jioni. Wiki nzima naongea na randa.

Mchana huu wote wametoka. Kalekye na watoto kanisani, Ndunge foleni ya maji. Nimebaki na Mwendwa. Mara ya kwanza peke yetu tangu Desemba.

Nimemlaza chali. Amenyonya kidole, amelala. Nimekaa kwa kiti karibu naye, naandika hii.

Amejigeuza.

Uso uko upande wa ukuta, simwoni. Naona mgongo. Unapanda, unashuka. Kuna wakati unakawia kupanda. Nimesimama mara mbili. Nimekaa mara mbili. Sasa nimekalia mkono mmoja usimguse, naandika na huu mwingine.

Mtoto wa jirani anapiga mpira ukutani. Mwendwa haamki.

Ndunge amerudi na mtungi. Amesimama mlangoni, hajautua.

"Amelala?"

"Amelala."

"Vipi?"

"Vile anataka."

Ameutua mtungi taratibu, usipige sakafu. Amekuja akakaa chini, karibu na mguu wangu.